Bafu Hujengwa Kabla ya Vigae

Mteja akinipigia simu kuhusu umeme wa bafu, mara nyingi huwa ameshachelewa. Vigae vimebandikwa mpaka karibu na dari, sinki limefungwa, kioo chenye taa kimeagizwa Dar es Salaam na kimefika bila ufa. Kilichobaki, anasema, ni "kaumeme kadogo tu": hita ya shawa na, ikiwezekana, soketi ya mashine ya kufulia. Nikimuuliza waya uliopitishwa ukutani ni wa ngapi, ananyamaza, au ananipa namba ya fundi wa kwanza ambayo haipatikani.

Nimefanya kazi ya umeme Arusha tangu nilipomaliza VETA, na mengi ninayoyajua nimejifunzia kwenye mabafu ya watu. Sababu ni baridi. Dar es Salaam mtu anaweza kuoga maji ya bomba mwaka mzima asione shida. Huku chini ya Mlima Meru, asubuhi ya Julai, maji ya bomba yanakata mifupa, na hata nyumba ya kupanga isiyo na uzio huwa na hita bafuni. Hita hiyo ndiyo kifaa kinachokula umeme mwingi kuliko vyote katika nyumba ya kawaida, nayo imefungwa mahali ambapo mtu yuko uchi, ameloa, yuko peku na mkono mmoja umeshika chuma.

Mzee aliyenipokea kazini baada ya chuo hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza kunipeleka kutindua ukuta wa bafu aliniambia, "Mwanangu, sebuleni ukiharibu unamuunguzia mtu televisheni. Bafuni ukiharibu unamuunguza mwenyewe." Kisha akanipa tindo na nyundo, akaenda kunywa chai. Kila nilichokuja kukijua baadaye kuhusu bafu kilikuwa ufafanuzi wa maneno yale.

Tuanze na hesabu, maana fundi asiyepiga hesabu bafuni anabahatisha. Hita za shawa zinazouzwa madukani nyingi huandikwa wati 5,500. Maji yakiingia na nyuzi 16 na shawa ikitiririsha lita 3 kwa dakika, wati hizo huyapandisha nyuzi 26 hivi, yakafika 42. Hayo ndiyo maji ya kuoga. Hakuna namna ya kukwepa ukubwa huo, kwa sababu maji hupita ndani ya hita kwa sekunde chache tu na joto lote lazima liingie palepale. Gawanya wati 5,500 kwa volti 220, unapata ampea 25. Mwenye nyumba anaiona gharama yake kwenye LUKU: dakika 10 za kuoga zinakula karibu uniti 1. Mimi ninaiona kwenye waya.

Ampea 25 zinadai njia yao peke yao. Taa hupitishiwa waya wa moja na nusu, soketi waya wa mbili na nusu. Hesabu hizo ni milimita mraba za shaba. Hita ya shawa nampitishia mteja waya wa sita, kutoka kwenye bodi moja kwa moja hadi bafuni, usiogawana na taa wala soketi yoyote. Una breka yake, na nje ya mlango wa bafu kuna swichi kubwa inayokata moto na nyutro kwa pamoja, ili mtu akiifungua hita kuisafisha asikute waya hata mmoja ulio hai. Waya wa nne nao hutumika sana kwa hita ya wati hizo, na ukiwa mfupi na shaba yake ni ya kweli unaimudu. Chini ya hapo hakuna mjadala.

Tatizo ni kwamba njia hiyo hupitishwa kabla ya plasta. Vigae vikishabandikwa, kila anayeingia anataka mkato, na mabingwa wa mkato ni vishoka. Kishoka hatindui kigae cha watu. Anapanda darini, anatafuta boksi la taa, anachukua moto hapo. Hita inawashwa, na breka ya taa ya ampea 10 inakata baada ya muda mfupi, kama ilivyotengenezwa kukata. Mwenye nyumba analalamika. Kishoka ana dawa: anatoa ya 10, anaweka ya 32. Sasa haikati tena, maji ni ya moto, na fundi anasifiwa mtaa mzima.

Niliitwa kwenye nyumba ya namna hiyo Sakina, kwa sababu watoto walikuwa wakisema darini kunanuka samaki. Harufu hiyo kila fundi umeme anaijua. Ni plastiki ya vifaa vya umeme inayopikwa polepole. Nilipofungua ubao wa jipsamu nilikuta konekta ya taa imeyeyuka, imechuruzika juu ya mbao na kuganda. Shaba ilikuwa imegeuka rangi, nyeusi yenye ubuluu. Nilipougusa waya wa moja na nusu, ngozi yake ilikatika vidoleni kama tambi mbichi. Hatua moja kutoka hapo kulikuwa na mbao kavu za kenchi. Na breka mpya ya 32, kule kwenye bodi, ilikuwa imekaa imetulia kabisa. Haikuwa na kosa lolote: iliambiwa isubiri ampea 32, nayo ilikuwa inasubiri.

Upo mkato mwingine ambao hata watu makini huuingia bila kujua. Jioni umeme ukipungua, tuseme mpaka volti 190, hita ya wati 5,500 haitoi tena wati 5,500. Inatoa kama 4,100, na maji yanakuwa vuguvugu. Mwenye nyumba anaamini hita imechoka. Anakwenda dukani, anarudi na ya wati 7,500, anaifunga kwenye waya uleule wa nne na breka ileile ya 32. Umeme ukirudi kamili, hita hiyo inavuta ampea 34. Breka za kawaida hustahimili ziada ndogo namna hiyo kwa saa nyingi bila kukata, kwa hiyo kinachoumia ni viungio: skrubu za swichi, konekta nyuma ya shawa, mdomo wa breka. Siku hizi mteja akiniambia anataka hita kubwa zaidi, napima kwanza volti za jioni kabla ya kumruhusu atumie hela.

Lakini hayo yote ni habari ya moto wa kuunguza nyumba. Yapo ya umeme wa kumpiga mtu, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Njiro, kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga, dada mmoja alinisimamisha nikiwa nimekuja kwa kazi nyingine. "Dada fundi, samahani. Bomba letu linang'ata." Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama pale, akacheka. "Ni baridi tu hiyo, mwanangu. Wa Dar hawa hawajazoea." Niliomba mtu mmoja afungulie shawa, nikashika mita: ncha moja kwenye bomba la sinki, nyingine kwenye kichujio cha chuma cha sakafuni. Ilisoma volti 70 na ushee. Shawa ikazimwa, ikarudi sifuri. Mama mwenye nyumba aliacha kucheka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mjukuu wake, anayeogeshwa humo kila jioni, alikuwa hatarini. Nilimjibu kwamba alikuwa hatarini kila jioni.

Nilipofungua kofia ya shawa, maelezo yote yalikuwa mle ndani. Hita nyingi za bei nafuu zina koili iliyo wazi. Maji hugusana nayo moja kwa moja, ndiyo maana hupata moto haraka. Maji ya bomba si maji safi ya maabara, yana madini, na madini hupitisha umeme. Kwa hiyo siku zote kiasi fulani cha umeme husafiri na maji. Kazi ya waya wa ethi, ule wa njano na kijani, ni kuupokea umeme huo na kuupeleka ardhini kabla haujamfikia mtu. Pale Njiro waya wa moto ulikuwa umefungwa vizuri, wa nyutro vizuri, na wa ethi ulikuwa umekatwa mfupi, umekunjwa mara mbili na kuzungushiwa tepu nyeusi kwa ustadi mkubwa. Fundi alijitahidi kuuficha kuliko ambavyo angejitahidi kuufunga. Hita ilifanya kazi bila waya huo, na hilo ndilo balaa la ethi: haina kazi yoyote inayoonekana. Ukiukata, hakuna taa inayozimika.

Nilifuata njia mpaka nje. Rodi ya ethi, ile fimbo ya kuchomeka ardhini, ilikuwa imekatwa nusu ili rodi moja itumike nyumba mbili, na nusu ile ilichomekwa chini ya upenu kwenye kifusi kikavu ambako mvua haifiki. Mabafu ya zamani ya mjini nayo yana kisa chao. Mabomba yake yalikuwa ya chuma, yakazikwa ardhini, na mafundi wa enzi zile waliyatumia kama sehemu ya ethi. Baadaye mafundi bomba wakaja, wakang'oa chuma kilichoshika kutu, wakaweka plastiki. Kazi yao ilikuwa nzuri, na nyumba ikabaki bila ethi pasipo mtu yeyote kutambua. Ndiyo sababu fundi bomba akitoka kwenye nyumba ya zamani, fundi umeme anapaswa kuingia na mita.

Baada ya kazi ile, mama mwenye nyumba aliniuliza swali ambalo nimeulizwa na wateja wengi: "Si kuna breka? Kwa nini haikukata?" Breka inalinda waya. Haikulindi wewe. Mtu aliyeloa, akiwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi, akiguswa na volti 230 anapitisha ampea 0.23, yaani miliampea 230. Kwa breka ya ampea 32 hiyo ni kama hakuna kitu. Inaweza kutazama mwili ukipitisha umeme kutwa nzima isiguswe. Hata umeme ukivuja kwenda kwenye rodi yenye ukinzani wa omu 100, jambo la kawaida kwenye udongo mkavu, zinapita ampea 2.3 tu. Breka haikati. Chuma chote cha bafu kinabaki na moto na kila mtu anaoga kwa imani.

Miliampea ngapi zinatosha kumdhuru mtu, watu walishapima. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alipima kwa watu waliojitolea ni umeme kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kuachia kitu alichokishika. Kwa wanaume wastani ulikuwa miliampea 16 hivi, kwa wanawake kama 10.5. Kuanzia hapo misuli inakaza na mkono unang'ang'ania bomba. Ukipanda zaidi, pumzi inabanwa. Ukifika makumi ya juu ya miliampea, moyo unaanza kutetemeka badala ya kupiga. Mwaka 1961 Dalziel alibuni kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na kukata pale sehemu yake inapopotea njiani. Marekani ilivifanya vifaa hivyo kuwa lazima kwa soketi za bafuni mwaka 1975. Huku kwetu tunavijua kwa jina la RCD, na cha kumlinda mtu ni kile cha miliampea 30. Kikiona miliampea 150 zimepotea, kinakata ndani ya sehemu 40 za elfu moja za sekunde. Unaweza kushtuka, lakini utatoka bafuni kwa miguu yako.

Kifaa hicho kina adui mmoja mkubwa, naye ni usumbufu. Moshono nilimfungia mzee mmoja mstaafu RCD, na haikupita wiki akanipigia. Nilipofika nikamwamkia, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Kidude chako kinanitesa. Kila nikijipaka sabuni, giza. Kiondoe, nimeishi miaka yote bila hicho." Watu wanaong'oa RCD huanza na sentensi hiyohiyo, na mafundi wengi huwatii kwa sababu mteja ndiye mwenye hela. Nilimuomba anipe saa moja. Nyumba yake ilitumia maji ya kisima kirefu, na ukiyaonja unasikia chumvi. Hita yake ilikuwa ya koili wazi. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya chemchemi za Meru, kwa hiyo kilichokuwa kinavuja kilizidi kiwango. RCD ilikuwa inamwambia ukweli kila asubuhi. Tulinunua hita ambayo koili yake imefunikwa ndani ya bomba lake la chuma, isiyogusana na maji, na giza likaisha. Tangu hapo, kabla ya kuuliza rangi ya hita, nauliza maji yanatoka wapi.

Kuhusu soketi, huwa najibu kabla sijamaliza kuulizwa. Tumerithi kwa Waingereza soketi za pini tatu za mstatili, na pamoja nazo kanuni zao za wayaringi. Kwa miaka mingi kanuni hizo hazikuruhusu soketi ya kawaida bafuni kabisa, ila ile ndogo ya mashine ya kunyolea yenye transfoma yake ndani. Mwaka 2008 zililegeza, soketi ikae mita 3 kutoka eneo la shawa. Mwaka 2022 ikawa mita 2.5. Sasa chukua futi yako upime bafu la kawaida la nyumba zetu. Urefu wake wote haufiki mita hizo. Kwa hiyo mashine ya kufulia ihamie veranda au jikoni, na kikausha nywele kibaki chumbani. Hata taa iliyo karibu na shawa, chini ya mita 2.25 kutoka sakafuni, lazima iwe ya kufunikwa, isiyoingia maji, yenye alama IPX4 au zaidi.

Wapo wasio na hita ya shawa kabisa, na wao wananitia wasiwasi zaidi. Katika vyumba vya kupanga wengi wanatumia hita ya ndoo, ile koili yenye mpini unayoitumbukiza kwenye maji. Nimeona inavyotumika: kebo ya kuunganishia inatoka chumbani, inapita chini ya mlango wa bafu, ndoo iko sakafuni kwenye maji, na mtu anapima joto kwa kuchovya kidole moto ukiwa bado umewashwa. Simlaumu mtu anayeoga kwa shida saa kumi na moja alfajiri awahi daladala. Namwambia mambo mawili tu: ndoo ibaki chumbani mahali pakavu, na plagi ichomolewe ukutani kabla kidole hakijaingia kwenye maji. Kuzima swichi pekee hakutoshi, maana kuna soketi ambazo kishoka aligeuza moto na nyutro.

Miaka hii imenipa msimamo ambao wateja wengine hawaupendi. Sichukui kazi ya bafu ambayo bodi yake haina RCD, na sifungi hita pasipo ethi niliyoipima mwenyewe. Wapo wanaoondoka wakatafute wa bei nafuu, na mtaani hawakosi. Wanaobaki nawaambia wafanye jambo moja lisilo na gharama: kabla ya plasta, wapige picha kila ukuta wa bafu, nyaya na mabomba yakiwa wazi, na futi ya kupimia ikionekana kwenye picha. Miaka kumi baadaye, fundi yeyote atakayekuja atajua waya ni wa ngapi na umepita wapi, na hatakuwa na sababu ya kupanda darini kuiba moto wa taa.

Mpangaji hana ukuta wa kupiga picha, lakini ana macho na mdomo. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, aombe kuona bodi. Atafute kifaa chenye kitufe kilichoandikwa T, akibonyeze; umeme ukikatika, kiko hai, na akibonyeze tena kila baada ya miezi sita. Aangalie shawa: nyaya tatu zinapaswa kuingia, na ule wa njano na kijani uwe umefungwa. Aulize fundi aliyefanya wayaringi kama ana leseni ya EWURA. Na bomba likimng'ata hata kidogo, aache kuoga hapo siku hiyohiyo, azime hita kwenye bodi, amwambie mwenye nyumba kwa maandishi.

Mwenye nyumba anaweza kuchagua vigae anavyovipenda na kioo anachokitaka; hela ni yake. Ethi na RCD havimo kwenye orodha ya kuchagua, kwa sababu atakayeoga humo mara nyingi si yeye, na hakuulizwa ukuta ulipokuwa wazi.